Helmeti Zilizolegea Baada ya Kushuka Pwani: Uchambuzi wa Kisa cha Vifuko vya Upepo katika Klabu Moja ya Mombasa

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinachoelezwa hapa kilitokea katika klabu moja ya vijana wanaocheza futiboli ya Kimarekani mjini Mombasa. Jina la klabu, majina ya wachezaji na viongozi, chapa ya helmeti na uwanja wenyewe vimeondolewa, na baadhi ya mambo madogo yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Kimeandikwa kwa ajili ya makocha, watunza vifaa na walimu wa michezo ambao huenda wakapokea helmeti za aina hii, nyingi zikiwa zimeshatumika ng'ambo, bila kuwa na mtu wa kuwaeleza zinavyofanya kazi. Mchezo huu haujaenea sana nchini, lakini suala lenyewe, yaani pedi inayojazwa upepo ili kofia ya kinga ikae sawasawa kichwani, linamhusu yeyote anayesafiri na vifaa vya namna hiyo kati ya bara na pwani.

Klabu na helmeti zake

Wachezaji walikuwa vijana wa umri wa kumaliza sekondari na kuendelea, wakifanya mazoezi jioni jua linapopungua makali, kwenye kiwanja cha wazi upande wa kusini mwa kivuko cha Likoni. Kwa muda mrefu walicheza mchezo usio na kugongana, ule wa kunyakua kitambaa kiunoni, kwa sababu hawakuwa na vifaa vya kinga. Mambo yalibadilika walipopata helmeti za msaada kutoka nje ya nchi kupitia klabu rafiki ya Nairobi. Zilikuwa za miaka na ukubwa mbalimbali, baadhi zikiwa bado na vibandiko vya timu za shule za Marekani.

Helmeti ya mchezo huu ina sehemu tatu zinazohusika na kisa chetu. Nje kuna gamba gumu la polikaboneti, aina ya plastiki imara, ambalo kazi yake ni kusambaza nguvu ya kishindo na kuzuia kitu kigumu kisipenye. Ndani ya gamba kuna sponji nzito, au plastiki inayobonyea na kurudi, na hiyo ndiyo inayomeza sehemu kubwa ya nguvu ya pigo. Kisha, karibu zaidi na kichwa, miundo mingi huwa na vifuko vya plastiki laini vinavyojazwa upepo kupitia vali ndogo, ambazo hufikiwa kwa matundu yaliyotobolewa kwenye gamba, kwa pampu ya mkono yenye sindano inayofanana na ile ya kujazia mpira.

Vifuko hivyo ndivyo vinavyoeleweka vibaya kuliko sehemu nyingine yoyote, na sehemu kubwa ya kisa hiki imetokana na kutovielewa. Mtu akisikia kwamba helmeti inajazwa upepo, hudhani kwamba upepo ukizidi na kinga inazidi. Sivyo. Kazi kubwa ya upepo ni kuziba nafasi iliyobaki kati ya kichwa hiki mahususi na helmeti ya ukubwa fulani, kwa sababu hakuna vichwa viwili vyenye umbo moja: kuna mwenye kisogo kilichochomoza, kuna mwenye kichwa chembamba pembeni, na kuna aliyesuka nywele wiki hii na atakayenyoa wiki ijayo. Kifuko kikiwa na upepo mdogo mno, gamba huzunguka lenyewe huku kichwa kikibaki palepale. Kikiwa na upepo mwingi mno, huinua helmeti juu ya kichwa, huacha paji la uso wazi, hubana mishipa ya ngozi na kumletea mvaaji maumivu, na pedi yenyewe huwa ngumu kiasi cha kutobonyea inapotakiwa kubonyea.

Yaliyotokea Nairobi

Mgawo wa helmeti ulifanyika Nairobi, mwishoni mwa juma ambapo vijana wa Mombasa walipanda kwa treni kwa ajili ya mchezo wa kirafiki. Mkufunzi mgeni mwenye uzoefu wa vifaa hivi alikuwepo na, kwa kila maelezo niliyopata, alifanya kazi safi. Alipima mzingo wa kila kichwa, akachagua ukubwa wa gamba, akaloanisha nywele za wachezaji ili hali ifanane na ya jasho la mchezoni, akawavisha, kisha akajaza vifuko wakiwa wamevaa.

Halafu alikagua kama inavyotakiwa. Ukingo wa mbele ulikaa kama upana wa vidole viwili juu ya nyusi, na matundu ya masikio yakalingana na masikio. Aliposhika kinga ya uso na kuisogeza kushoto na kulia, ngozi ya paji la uso ilivutika pamoja na helmeti badala ya helmeti kuteleza juu yake. Alipobonyeza utosini, mchezaji alisikia uzito umetua utosini wala si kwenye paji. Pedi za mashavu ziligusa mashavu, na mkanda wa kidevu ukafungwa sawa pande zote. Kila helmeti ilibandikwa utepe wenye jina la mwenyewe. Mchezo ulichezwa siku iliyofuata, haukuwa na jeraha la kutajwa, na timu ikarudi kwa treni ya usiku.

Jambo moja halikusemwa na mtu yeyote: kwamba ukaguzi ule ulikuwa wa Nairobi.

Mazoezi ya kwanza baada ya kurudi

Helmeti zilihifadhiwa stoo hadi mitihani ya baadhi ya vijana ilipomalizika. Siku ya mazoezi ya kwanza ya kugongana, wachezaji kadhaa walilalamika kwamba helmeti zinacheza kichwani. Kocha, ambaye ni mtu makini na anayeheshimiwa na vijana wake, aliona kwamba Nairobi zilikaa vizuri, kwa hiyo akahitimisha kwamba mikanda ndiyo iliyolegea safarini. Aliwaagiza waikaze. Wakaikaza, na helmeti zikatulia kwa muda, kwa maana kwamba hazikuanguka.

Mkanda wa kidevu hauna uwezo wa kufanya kazi ya pedi. Huizuia helmeti isichomoke, lakini hauizuii isizunguke wala isiteremke mbele wakati nafasi ndani ni tupu. Katika zoezi la kukaba, yaani kumshika na kumwangusha mwenye mpira, mlinzi mmoja wa safu ya pili alimwendea mkimbiaji kwa pembeni na vichwa vyao vikagongana kwa ubavu. Helmeti yake ilizunguka, ukingo wa mbele ukashuka na kuchana ngozi ya mgongo wa pua. Aliinuka mwenyewe, akavua helmeti, akaelekea upande usio wa timu yake. Kocha alipomwita, alijibu, "Niko sawa, Kocha, naomba nirudi," lakini alijibu kwa kuchelewa, na alipoulizwa ni zoezi gani walilokuwa wakifanya, hakukumbuka.

Hapo kocha alifanya uamuzi ambao ningependa kila msomaji auzingatie. Alimtoa uwanjani kwa siku ile yote, bila kujadiliana naye, na akamkabidhi kwa mchezaji mkubwa amkae karibu. Hakuwa na cheti cha udaktari, lakini hakuhitaji. Mwafaka wa kimataifa kuhusu mtikisiko wa ubongo michezoni, uliofikiwa mjini Amsterdam mwaka 2022 na kuchapishwa mwaka 2023, unasisitiza jambo hilohilo: anayeshukiwa kupata mtikisiko aondolewe mchezoni mara moja, na asirudi siku hiyo.

Uamuzi wa pili ulihusu mahali pa kumpeleka. Baadhi ya wenzake walitaka avushwe feri hadi kisiwani, kwenye hospitali kubwa zaidi. Jioni ile foleni ya Likoni ilikuwa kama inavyokuwa jioni za siku za kazi. Kijana alikuwa na fahamu, hakuwa ametapika, hakuwa na degedege wala maumivu ya shingo. Kocha akaamua aonwe kwanza kwenye kituo cha afya cha upande uleule, na kama dalili zingezidi, avushwe kwa ambalansi. Aliangaliwa, kidonda kikashonwa, na nyumbani kwao wakaelezwa dalili za hatari za kuangalia usiku ule. Hazikutokea.

Siku zilizofuata: pancha ambazo hazikuwepo

Habari zilipofika kwa mtunza vifaa wa klabu, kijana aliyekuwa akiifanya kazi hiyo kwa kujitolea, aliingia stoo akabonyeza vifuko vya helmeti moja moja. Karibu vyote vilikuwa laini. "Kocha, hizi zimekula pancha," alisema, na kwa mtu ambaye hajaelezwa lingine, hitimisho hilo linaingia akilini: kitu kilichokuwa kimejaa sasa kimepwaya, basi kinavuja. Akazigawa mafungu mawili. Zile zilizopwaya zaidi alizitenga kama mbovu. Zilizobaki alizipeleka kwa fundi wa baiskeli, ambaye alifunga sindano ya mpira kwenye pampu ya miguu na kuzijaza hadi zikawa ngumu.

Makosa matatu yalijipanga hapo kwa mfuatano. Kwanza, helmeti zilijazwa zikiwa mezani na si kichwani, kwa hiyo hapakuwa na kipimo chochote isipokuwa kidole cha fundi. Pili, pampu ya baiskeli husukuma upepo mwingi kwa mkupuo mmoja, ilhali kifuko cha helmeti ni kidogo na huhitaji kuongezwa kidogo kidogo. Tatu, sindano iliingizwa kavu. Vali hizi ni za mpira laini na hutakiwa kulainishwa kwa tone la glisarini kabla ya sindano kuingia. Sindano kavu huichana vali kwa ndani, na hapo pancha ya kweli ndipo inapoanzia. Mafuta ya petroli yaliyogandishwa, yale ya kupaka ngozi, hayafai kwa kazi hii kwa kuwa yanaweza kuudhoofisha mpira.

Mazoezi yaliyofuata yalikuwa kinyume cha yale ya kwanza. Helmeti zilikaa juu kama zimeazimwa kwa ndugu wadogo, paji la uso lote likiwa nje, na baada ya muda mfupi wachezaji walianza kuzivua wakilalamika kichwa kuuma. Kocha alisimamisha mazoezi yote ya kugongana. Wapo waliouona uamuzi huo kuwa wa woga, kwani mchezo wa marudiano ulikuwa unakaribia. Mimi nauona kuwa ndio uliookoa msimu.

Chupa ya maji na mwalimu wa fizikia

Ufumbuzi ulitoka kwa mzazi wa mmoja wa wachezaji, mwalimu wa fizikia wa sekondari. Alipoelezwa kwamba helmeti zilijazwa Nairobi, aliuliza kama kuna aliyebaki na chupa tupu ya maji ya safari ile. Kila aliyesafiri kwa treni anaijua hali hiyo: chupa ya plastiki iliyofungwa vizuri Nairobi ikifika Miritini, stesheni ya Mombasa, huwa imebonyea mbavu, ingawa haina tundu.

Maelezo yake yalikuwa haya. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na huko mgandamizo wa hewa ni takriban kilopaskali 82. Mombasa, kwenye usawa wa bahari, ni takriban 101. Kifuko kilichofungwa kule kikishushwa huku, hewa ya nje hukigandamiza mpaka hewa ya ndani ilingane nayo, na ujazo wake hupungua kwa karibu moja ya tano. Kwa kuwa kifuko kilichojazwa kichwani huwa na mgandamizo uliozidi kidogo ule wa nje, upungufu halisi unaweza kuwa pungufu ya hapo, na joto la Pwani hurudisha sehemu ndogo. Lakini upungufu unaobaki unatosha kabisa kuifanya helmeti iliyokaa sawasawa ianze kuzunguka. Hakuna hata pumzi moja ya upepo iliyohitaji kuvuja.

Mwalimu hakuishia kwenye maelezo, na hilo ndilo lililoitofautisha kazi yake na kisio la kawaida. Alipendekeza jaribio. Helmeti zote, pamoja na zile zilizotengwa kama mbovu, zilitolewa upepo, zikajazwa upya hapohapo Mombasa kwa pampu ndogo ya mkono, kila moja ikiwa kichwani mwa mwenyewe, na zikaachwa stoo usiku kucha mbali na jua. Asubuhi zilivaliwa tena. Zilizokuwa zimelegea zilipakwa povu la sabuni kwenye vali na kwenye maungio ya vifuko ili kuona mapovu yanapotokea. Helmeti nyingi zilizohukumiwa kuwa na pancha zilikuwa nzima. Zilizovuja kweli zilikuwa chache, na karibu zote zilivuja kwenye vali zilizochanwa na sindano ya fundi.

Helmeti za zamani na uamuzi mgumu

Ukaguzi ule ulifungua suala jingine ambalo hakuna aliyelitafuta. Walipozifungua ili kusafisha, waliona lebo za tarehe za kutengenezwa, na baadhi zilikuwa zimepita miaka 10. Nchini Marekani NOCSAE, taasisi ya kuweka viwango vya usalama vya vifaa vya michezo iliyoundwa mwaka 1969, ilitoa kiwango chake cha kwanza cha helmeti za mchezo huu mwaka 1973. Vyuo vikuu vikalazimika kukifuata mwaka 1978 na shule za sekondari mwaka 1980. Huko kuna utaratibu wa kuzirudisha helmeti karakana zikaguliwe na kuthibitishwa upya, na tangu mwaka 2011 chama cha wenye karakana hizo hakipokei iliyotimiza miaka 10 au zaidi. Kwa maneno mengine, sehemu ya msaada ule ilikuwa imefika mwisho wa safari yake kabla ya kupakiwa melini.

Kocha alisita. Kuziondoa kulimaanisha kubaki na helmeti pungufu ya wachezaji. Pendekezo la kwanza lilikuwa kuchangia: wachezaji wawili, helmeti moja, kwa zamu. Kwa helmeti ya sponji tupu pengine wangeweza kujikaza hivyo, lakini kwa yenye vifuko vya upepo kuchangia kunamaanisha kutoa na kujaza upya kila zamu, na hakuna aliyeamini kwamba hilo lingefanyika katikati ya joto na haraka ya mazoezi. Mwishowe waliamua kwamba kila helmeti iwe na mwenyewe mmoja, na asiye na helmeti abaki kwenye mazoezi yasiyo na kugongana. Za zamani zilibaki stoo, zikatobolewa alama kubwa, na hutumika kufundishia namna ya kujaza na kukagua.

Uamuzi huo uliwaumiza vijana wawili watatu waliokuwa wamengoja msimu mzima, na mmoja aliacha kuja. Sijui njia ambayo ingewaridhisha wote.

Utaratibu mpya

Klabu ilimteua mtunza vifaa yuleyule kuwa ndiye peke yake mwenye ruhusa ya kushika sindano. Baadhi walitaka aondolewe, lakini kocha alisema kijana alitenda kwa alichokijua na kwamba kumwondoa ni kutupa somo walilokwisha kulilipia. Alinunuliwa pampu ndogo ya mkono, sindano za akiba na chupa ya glisarini kutoka duka la dawa.

Ukaguzi hufanyika kabla ya kila zoezi la kugongana, mchezaji akiwa amevaa na nywele zikiwa na maji. Helmeti haiachwi ndani ya buti la gari wala juani, kwa sababu hewa iliyotoka nyuzi 30 ikapanda hadi 60 huongezeka ujazo kwa karibu moja ya kumi. Mchezaji akiivaa wakati huo huiona inabana, huomba ipunguzwe, na jioni inapopoa huwa imelegea tena. Anayebadilisha nywele, iwe amesuka, amefumua au amenyoa, hutakiwa kusema kabla ya kuvaa. Usafishaji ni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kukausha ni kivulini, na petroli au dawa za kufukuza mbu hazisogezwi karibu na gamba kwa kuwa zinaweza kuidhoofisha polikaboneti bila ufa kuonekana.

Kwa safari ya bara waliandika kanuni moja: helmeti hazijazwi Mombasa kwa ajili ya mchezo wa Nairobi. Vifuko hupunguzwa upepo kabla ya kupakiwa, kwani vikipanda vimejaa hutanuka na kuzikaza vali, kisha hujazwa uwanjani kabla ya kupasha misuli.

Matokeo

Mchezaji aliyeumia alipumzika siku mbili kwa shughuli nyepesi za nyumbani, kisha akapandishwa kwa hatua sita zinazopendekezwa: shughuli za kila siku, mazoezi mepesi ya mwili, mazoezi ya mchezo akiwa peke yake, mazoezi na wenzake bila kugongana, mazoezi kamili baada ya ruhusa ya daktari, na mwishowe mchezo wenyewe. Kila hatua huchukua angalau saa 24, na katika hatua mojawapo kichwa kilimuuma zaidi akarudishwa nyuma. Alicheza tena kabla ya msimu kuisha.

Mchezo wa marudiano Nairobi ulionyesha kwamba utaratibu unafanya kazi na pia unachosha. Kujaza helmeti za timu nzima uwanjani kulichukua muda mrefu kuliko walivyodhani, na timu ilipasha misuli kwa haraka. Zaidi ya hayo, walijaza asubuhi yenye baridi. Jua lilipopanda, wachezaji kadhaa walisema zinabana, na mtunza vifaa akalazimika kuzunguka na sindano wakati wa mapumziko. Waliporudi Mombasa hakuna aliyehitaji kukumbushwa kuzijaza upya. Zile chache zenye vali zilizochanika bado hazina vipuri; mtoaji msaada aliulizwa na ameahidi, lakini gharama za kusafirisha na ushuru zinaweza kupita thamani ya vipuri vyenyewe.

Uchambuzi

Swali ambalo wazazi waliuliza, na ambalo yafaa kujibiwa kwa uangalifu, ni kama helmeti iliyolegea ndiyo iliyosababisha mtikisiko. Kuhusu jeraha la pua hakuna ubishi: ukingo wa helmeti iliyokaa sawasawa haushuki hadi puani. Kuhusu mtikisiko, ushahidi wa kisa hiki hautoshi kusema hivyo. Helmeti zilibuniwa hasa kuzuia fuvu lisipasuke na damu isivuje ndani ya kichwa, na kwa hayo zimefaulu sana. Lakini ubongo huyumba ndani ya fuvu kichwa kinapozungushwa ghafla, na hakuna helmeti inayouzuia mtikisiko kikamilifu. Lebo za watengenezaji wenyewe hulitamka hilo. Kijana yule angeweza kupata mtikisiko hata kama vifuko vyake vingekuwa vimejaa barabara. Anayeahidi wazazi kwamba upepo ukishawekwa sawa mtoto yuko salama anawadanganya.

Ndiyo maana naliona pengo kubwa zaidi la klabu kuwa ni la ufundi wa kukaba, ambalo katika siku zile za kushughulikia pampu halikuzungumzwa. Kumbukumbu za Marekani zinaonyesha vifo 36 vilivyosababishwa moja kwa moja na mchezo huu mwaka 1968, na mwaka 1990 hakukuwa na hata kimoja. Viwango vya helmeti vilichangia, lakini kanuni ya mwaka 1976 iliyokataza kumgonga mpinzani kwa kichwa ilichangia pia, na haikuhitaji kununua kitu. Vijana wa klabu hii walihamia kutoka mchezo wa vitambaa hadi mchezo wa kugongana ndani ya majuma machache, na helmeti ziliwapa ujasiri ambao miili yao haikuwa imefundishwa kuumudu.

Kilichofaa kwanza ni kumtoa mchezaji papo hapo. Palikuwa na kasoro moja ndani ya uamuzi huo: aliachwa avue helmeti mwenyewe kabla ya kuulizwa kuhusu shingo. Safari hii shingo ilikuwa nzima. Kama kuna maumivu ya shingo au ganzi ya mikono, helmeti haivuliwi na mtu asiyefunzwa. Kichwa hushikiliwa kisitikisike, na kinga ya uso ndiyo hufunguliwa ikiwa pumzi inahitaji nafasi.

Kilichofeli mapema kabisa ni makabidhiano. Mkufunzi wa Nairobi alikabidhi helmeti zilizojazwa, hakukabidhi ujuzi wa kuzijaza, na pampu yake aliondoka nayo. Maelekezo ya watengenezaji hutaja kukagua upepo panapobadilika mwinuko au joto, lakini vijitabu vya maelekezo havikuwemo kwenye makontena. Msaada wa vifaa vilivyotumika hufika hivyo mara nyingi: kitu kipo, maarifa yake yamebaki kwa mwenyewe wa kwanza. Klabu inayopokea ingeomba pampu, sindano, vipuri vya vali na tarehe za kutengenezwa kabla ya kukubali mzigo, na pale ambapo tarehe hazifai, ingekataa bila kuona haya.

Kukaza mikanda kulikuwa kosa la aina nyingine. Dalili ilishughulikiwa mahali ilipoonekana, ikanyamaza, na kunyamaza kwake kukachukuliwa kuwa tiba. Ishara ilikuwepo: malalamiko hayakutoka kwa mchezaji mmoja bali kwa wengi, siku moja, kwa helmeti za ukubwa tofauti. Kitu kinapoharibika kwa wengi kwa wakati mmoja, sababu hutafutwa kwenye jambo walilolipitia pamoja, na jambo hilo hapa lilikuwa treni. Ni kwa sababu hiyohiyo hukumu ya pancha ilitakiwa kutiliwa shaka. Vifuko vya helmeti za miaka na watengenezaji tofauti havitoboki vyote ndani ya stoo moja.

Kama ningetakiwa kuibadilisha ratiba yao ya sasa, ningeongeza jambo moja kwa ajili ya safari za bara: kuwasili siku moja kabla, kujaza helmeti jioni kwa utulivu, na kuacha ukaguzi wa asubuhi na wa mapumziko uwe wa kurekebisha tu. Klabu inalijua hilo. Kinachoizuia ni gharama ya kulaza timu nzima Nairobi usiku mmoja zaidi, na bajeti ya msimu ujao bado haijapitishwa.